Mivuto Mitatu ya Kamba

Karatasi aliyopewa na shemeji yake ilisema: "Walioacha pombe na wanaotaka kuacha. Ukumbi mdogo, nyuma ya zahanati. Jumamosi, saa 4." Mchimba visima alifika saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, mdomo mkavu kama kifuu. Njiani aliuliza watu watatu, na wote aliwaambia anatafuta zahanati.

Ukumbini hapakuwa na mtu ila mama mmoja aliyekuwa akifagia, na viti vilivyorundikwa ukutani.

"Mama, kikao kimeahirishwa?"

Mama akaisoma karatasi, akacheka hata akaegemea ufagio. "Hii kaandika katibu wetu, yule wa saa za ofisini. Saa nne yake ni saa kumi yetu, jioni. Umewahi, baba, hata shetani hajanawa uso! Nenda nyumbani, utarudi."

Mchimbaji alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara mwenye baa alikuwa akimwaga maji kizingitini, mlango wazi.

"Nikienda sirudi," alisema.

Mama hakucheka tena. "Basi shika kitambaa. Viti vina vumbi."

Alifuta kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha saba, kiganja chake cha kulia kikavutwa. Moja. Mbili. Tatu. Kisha kimya, kama mtu anayesubiri jibu.

Wachimba visima hawaitani kwa kelele, maana sauti ya shimoni hufika juu imevunjika. Huongea kwa kamba. Mvuto mmoja: teremsha ndoo. Miwili: pandisha udongo. Mitatu: nitoe mimi. Miaka minne nyuma, mdogo wake alikuwa chini, yeye juu, na kiu ikamshika. Akaifunga kamba kwenye nguzo, akaenda kuonja kidogo. Aliporudi kamba ilikuwa imetulia. Lile fundo alilolifunga legelege lilikuwa limekazwa kwa kuvutwa, hata akalikata kwa panga kabla watu hawajafika.

Watu walisema ni hewa mbaya. Yeye akasema, "Nilivuta, akanishinda uzito." Wakampa pole. Shemeji alimpa pole kuliko wote, naye ndiye aliyefiwa na mume. Tangu hapo humwekea chakula kila jioni, na majirani wakimsema huwajibu, "Mwacheni, anakunywa kwa uchungu wa ndugu yake." Hakuna aliyekumbuka kwamba ulevi ulitangulia uchungu.

"Una nini?" mama aliuliza.

"Mkono."

"Ni kukosa pombe. Utatulia."

"Huu si wa pombe, mama."

Laiti angemwona marehemu kwa macho angemwangukia miguuni. Lakini hakumwona; alihisi ule mvuto tu, adhuhuri na alasiri, mara tatu tatu. Safari moja miguu ilimtoa hadi katikati ya barabara, akasikia mama akipaza sauti nyuma yake: "Baba we! Hivi viti nimwachie nani, mkwe wangu?" Akarudi, ameona haya.

Saa kumi wakaingia mshona viatu, muuguzi na dereva mstaafu. Mama akaweka ufagio pembeni, akakaa nao.

"Kumbe nawe?" mchimbaji alishangaa.

"Wafagizi hawalewi? Sisi ndio tunaojua chupa zipi zimebakishwa."

Desturi yao ilikuwa nyepesi. Mtu husimama, husema "Nimeacha", hutaja siku zake, na wenzake huitikia, "Endelea kuacha." Muuguzi alikuwa na siku tisini. Dereva alikuwa na nne, akazitaja kwa sauti kubwa kama mwenye mia nne. Zamu ikamfikia mgeni.

"Nimeacha..." Kiganja kikavutwa.

"Siku ngapi?" mshona viatu alimsaidia. "Hata moja ni siku, ndugu yangu."

"Nimemwacha mdogo wangu shimoni."

Akasimulia nguzo, baa, fundo na panga. Alipomaliza alingoja pole aliyoizoea, asiipate, na kwa hilo akashukuru.

"Mkewe anajua?" mshona viatu aliuliza.

"Hajui. Ndiye aliyenipa karatasi ya kuja hapa."

Mama akamgeukia. "Sisi hatukufiwa, baba. Kwetu umejaribu sauti tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nawe umemficha mwenye msiba mwenyewe."

Alitoka akapita mbele ya baa bila kuiona, maana mkononi sasa mvuto haukukoma. Jua lilikuwa bado kwenye mabati alipobisha hodi kwa shemeji yake. Sahani yake ilikuwa mezani, imefunikwa.

"Karibu, shemeji. Uliwakuta?"

"Niliwakuta. Hebu kaa kidogo."

Shemeji yake alimkaribia, akamnusa kama mama anusavyo mtoto. Uso ukamfunguka kwa furaha, kisha akaona jinsi alivyoubana mkono wa kulia kwapani, na furaha ikamtoka.

"Hunuki kitu, na bado unauficha mkono. Sema. Nitasikia nikiwa nimesimama."

"Siku ile, shemeji, kamba haikuwa mkononi mwangu."

Mwanamke aliiondoa sahani mezani polepole, akaishika kwa mikono miwili.

"Ilikuwa wapi?"