Dume Aliyenijibu

Baba mkwe wangu, mzee Crescencio, ndiye aliyenifundisha kulia kama kulungu dume kwa filimbi ya kuwindia, ili dume mwenzake aje kupigana, na hakuchoka kunicheka: "Eloy, unalia kama ng'ombe mwenye kikohozi!"

Asubuhi ile nilipanda mlimani peke yangu na upinde. Yeye alisema goti linamuuma, atabaki kitandani. Nikalia. Dume akanijibu kwa hasira kutoka bondeni. Nikakwaruza mti kwa fimbo, kama madume wafanyavyo kwa pembe, naye akakwaruza wake. Tukasogeleana hivyo, tukitukanana kikulungu, mpaka vichaka vikatikisika mbele yangu, nikaona kitu cha kahawia. Nikavuta uzi wa upinde.

Mshale ukavuma sikioni mwangu, ukajikita kwenye shina nyuma yangu.

"Baba! Unataka kuniua?" nilifoka, maana aliyetoka vichakani ni yeye, goti zima kabisa.

"Kumbe wewe?" Uso ulikuwa umempauka. "Miaka yote hujui kulia, leo ndiyo umejua?"

Nilifungua mdomo nimtukane, awe mkwe asiwe mkwe. Ndipo nilipoona upinde wangu hauna mshale, na kofia yake imepigiliwa kwenye mti nyuma yake.