Tapeti ya Silinda ya Tatu

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, mtangazaji wa kituo cha mabasi alikuwa jikoni akimfungia binti yake mkate wa kupeleka shule, huku akiongea na mumewe kupitia dirishani. Mumewe alikuwa uani, ameinama chini ya boneti ya gari la familia. Ncha ya bisibisi ndefu ilikuwa imegusa injini, mpini ameubana sikioni, macho kayafumba. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza injini, chuma kinapandisha mlio hadi sikioni, na mtaa mzima hapakuwa na aliyejua kusikiliza kumzidi yeye. Wateja wake walimwita Sikio.

"Ijumaa saa tatu kamati inakuja kunisikiliza," mkewe alikuwa akisema. "Miaka kumi na minne mimi kibarua, baba watoto. Nikipita wananiajiri rasmi. Nakuomba kitu kimoja tu, siku hiyo unipeleke mwenyewe, usije ukasahau..."

"Mm," akasema Sikio.

Hapo sauti ikamponyoka mkewe. Haikukauka wala haikukwaruza. Midomo iliendelea na safari yake, lakini maneno "kama ulivyosahau mahafali ya mtoto" hayakutokea jikoni. Yalitokea uani, ndani ya injini, wazi kabisa, kila silabi mahali pake.

Sikio alifumbua macho. Akasogeza bisibisi kidogo kushoto, akasikiliza tena.

"Silinda ya tatu," akajisemea.

Gari lenyewe, ukikutana nalo barabarani, ungelipisha kwa huruma. Lilikuwa la rangi ya maziwa, milango mitano, mmoja umebonyea. Kiti cha nyuma kilijaa chenga za biskuti, na dirishani paliwekwa pazia la kuzuia jua lenye picha ya bata. Lakini chini ya boneti, loo! Miaka mitatu Sikio alikuwa akilifanyia ovaholi, jioni baada ya kazi na Jumapili zote: pistoni mpya, kamshafti mpya, vali kubwa, turbo iliyotolewa kwenye gari ambalo mwenyewe hakutaka kulitaja. Ndoto yake ilikuwa moja. Taa ya barabarani iwake kijani, wale vijana wenye magari mafupi yanayonguruma wajikute wanameza moshi wa gari lenye bata. Usicheke. Kuna watu wanazeeka bila ndoto hata ya ukubwa huo.

Injini hiyo aliijua kuliko alivyojijua. Plagi ikilegea nusu uzi, anaisikia akiwa chooni. Bomba la jikoni, kwa upande wake, lilikuwa likidondosha maji tangu binti yao anatambaa, na sasa binti alikuwa darasa la nne.

Mtangazaji alifika kazini kama kawaida, akawasha kipaza sauti, akasoma ratiba ya saa mbili. Kituo kikabaki kimya. Sauti yake ilisikika mitaa mitatu mbali, kwenye gereji ya Sikio, ambako gari la familia lilikuwa limewashwa lipate moto. "Abiria wa basi la saa mbili, tafadhali sogeeni mlango namba nne." Mteja mmoja aliyeleta pikipiki itazamwe breki alinyanyua mkoba wake akaondoka. Hajarudi hadi leo, na pikipiki bado ipo pale pale ukutani.

Jumanne akaenda zahanati. Daktari alimulika koo, akamwambia atoe ulimi, akabonyeza shingo pande zote mbili.

"Koo lako ni zima kabisa, mama. Sauti unayo, ila imehama," akasema, akaandika hivyo hivyo kwenye kadi. "Nyumbani kwenu kitu gani kinasikilizwa sana?"

Mtangazaji akachukua kalamu, akaandika: gari.

"Una bahati. Wiki jana nilimpokea mama mwenzako, yake imeingia kwenye televisheni, chaneli ya mpira. Tunasubiri ligi iishe."

Akamwandikia dawa. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kusukutua asubuhi na jioni. Halafu, kwa mwandiko ule ule: mume kusikiliza, dakika kumi, mara mbili kwa siku, baada ya chakula.

Sikio aliisoma karatasi hiyo amesimama, mikono ina grisi, ameishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Alikuwa mtu wa adabu.

"Dakika kumi?" akauliza. "Mara mbili?"

Mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Sawa. Nikishaseti hii injini tu, tunaanza dozi."

Akaibandika kwenye friji kwa sumaku, chini ya ratiba ya kubadilisha oili.

Nyumba ilizoea haraka. Gari likiwa limezimwa, maneno ya mama yalirundikana ndani ya injini, na ufunguo ukizungushwa asubuhi yalitoka yote kwa mpigo, kwa hiyo kabla Sikio hajafika geti alikuwa ameambiwa maji yamekatwa, shangazi anaumwa mgongo na soksi za mtoto zimetoboka. Binti akitaka kujua daftari lake liko wapi, alikwenda uani, akainama mbele ya taa za gari, akauliza. Siku aliyovunja sahani alitumwa akagombezwe huko huko, akarudi analia.

"Baba," alisema Jumatano wakati wa chakula, "Mama anasema Ijumaa saa tatu usisahau."

"Nimesikia, mwanangu. Injini ikiwa na mlio kama ule, huwezi kulala."

Siku hiyo hiyo aliwaita mafundi wenzake watatu. Walikuja na bisibisi zao, wakalizunguka gari kama madaktari wanaozunguka kitanda, wakasikiliza kwa zamu. Mtangazaji alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akiwaambia moja kwa moja kinachomsibu. Injini ikayatamka vizuri sana: "Jamani shemeji zangu, nisaidieni. Hii ni sauti yangu. Ijumaa nina usaili, nikikosa sauti nimekosa kazi."

Mafundi wakatazamana.

"Ukisikia 'nimekosa kazi', hiyo ni vali ya kutolea moshi," akasema wa kwanza, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Vali wapi! Vali haisemi 'shemeji'," akasema wa pili. "Hiyo ni cheni. Mimi niliwahi kuwa na lori, cheni ikilegea lilikuwa linasema 'nakuomba, nakuomba' kutwa nzima. Nikakaza, likanyamaza."

Wa tatu alisema petroli ya siku hizi ina maji. Kisha wote wakamgeukia mtangazaji, wakamsalimia kwa heshima. "Shemeji, hujambo? Pole na kelele za gari." Wakamwomba maji ya kunywa, naye akawaletea.

Mtangazaji hakuwa mtu wa kukata tamaa, na meneja wa kituo hakuwa mtu mbaya. Aliposoma kadi ya zahanati alikuna kidevu akasema, "Bibie, kamati haijali sauti inatokea wapi. Kama imo kwenye gari, lete gari. Liegeshwe chini ya dirisha la chumba cha matangazo, tutavuta waya wa kipaza sauti hadi kwenye boneti. Ijumaa, saa tatu kamili. Ukikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na hapo hata ukibarua sikuahidi."

Alhamisi jioni, jua bado lipo, Sikio aliwasha gari uani. Alivua shati, akajifunga kitambaa kichwani, akaweka ncha ya bisibisi juu ya silinda ya tatu. Akafumba macho.

Mkewe alikuwa jikoni akikoroga sufuria. Alimwona kupitia dirishani na mkono ukasimama. Uso ule hakuwa ameuona tangu siku za uchumba. Kichwa kimeinama, kinywa wazi kidogo, pumzi zimebanwa, mwili wote umegeuka sikio. Mtangazaji aliona machozi yanamlenga, akajisikia mjinga, kisha akaona potelea mbali, akaanza kusema.

Alisema yote. Alimwambia ya usaili, halafu ya mahafali, halafu ya miaka ile aliyokuwa akimpigia simu gereji akijibiwa "mm" hadi akaacha kupiga. Alimwambia kwamba kazini watu mia tano husimama anaposema simama, na nyumbani hajawahi kumsimamisha hata mmoja. Alimwambia kwamba anampenda bado, na kwamba linamuudhi sana jambo hilo. Uani injini iliyanena yote kwa sauti yake, bila haraka, na Sikio hakusogea. Dakika kumi zikapita. Zikapita ishirini. Dozi ya siku nzima ilikuwa imekamilika.

Hapo mtangazaji akasikia joto kooni. Kitu kama donge la uji wa moto kilipanda taratibu, na neno "nisikilize" likatokea jikoni, kwa kinywa chake mwenyewe, dogo, limekwaruza, lakini lake. Akatupa mwiko. Akakimbilia uani, mikono imejaa unga, amletee mumewe hilo neno likiwa bado la moto.

Sikio naye alikuwa amesikia. Alisikia mlio umepungua silinda ya tatu, akaruka kwa furaha.

"Nimeipata!" akapaza sauti. "Ni tapeti, kile chuma kinachosukuma vali! Ina nafasi nyembamba kama karatasi. Usinisemeshe, mama watoto, isije ikapotea!"

Akazima injini, akafungua kifuniko, akaingiza kipimo, akageuza spana robo mzunguko. Mkewe alikuwa amefika hatua mbili kutoka kwake, kinywa wazi, neno limeshafika kwenye ulimi. Spana ikakaza, na koo lake likakaza pamoja nayo. Sikio akawasha tena. Injini ilizunguka kimya kabisa. Hakuna mlio uani, hakuna jikoni. Sufuria ilikuwa inaungua.

Ijumaa Sikio hakusahau. Asiseme mtu kwamba alisahau. Aliamka mapema, akalifuta gari, akamfungulia mkewe mlango, akamfikisha kituoni dakika ishirini kabla ya muda. Njiani, kwenye taa, waliwaacha vijana wawili wenye gari jekundu wakiwa bado wanatafuta gia. Mtangazaji alikuwa amevaa sketi yake ya kahawia na ameshika ratiba iliyopigwa pasi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu wenye mafaili. Gari likaegeshwa chini ya dirisha, boneti ikainuliwa, kipaza sauti kikafungwa kwa kamba juu ya silinda ya tatu. Abiria wa saa tatu walikaa kwenye mabenchi na mizigo yao mapajani, wakisubiri kuitwa.

"Tangaza basi la saa tatu," akasema mwenyekiti.

Mtangazaji alitangaza. Alitamka kila kitu, namba ya mlango, mizigo, tiketi mkononi, safari njema. Midomo yake haikukosea hata herufi. Vipaza sauti vya kituo kizima vikarusha ukimya, msafi, usio hata na mkwaruzo.

Mwenyekiti alishuka ngazi. Akaweka kiganja juu ya injini.

"Hii imewaka?"

"Imewaka," akajibu Sikio.

"Acha utani!"

Sikio akaomba glasi ya maji, akaiweka juu ya injini, ikijaa hadi ukingoni. Maji hayakutikisika. Kamati yote ikashuka. Waliinama, wakauliza habari za turbo, wakauliza pistoni alizipata wapi, wakacheka sana walipoona pazia la bata. Meneja alilala chali chini ya gari na suti yake. Juu, nyuma ya kioo, mtangazaji alisoma ratiba mara ya pili, kisha ya tatu. Basi la saa tatu liliondoka na dereva na kondakta tu, na abiria sitini na wawili wakaendelea kukaa kwenye mabenchi, kwa kuwa hakuna aliyewaita.

Saa tano matokeo yalikuwa tayari, yamepigwa chapa. Kuhusu mtahiniwa, kamati iliandika kwamba hakusikika. Kuhusu gari, iliandika nusu ukurasa. Kwa kuwa nafasi ya kudumu ilikuwa moja na isingefaa irudishwe wizarani, alipewa Sikio, awe mkaguzi wa injini za mabasi, pamoja na pensheni na sare mbili. Mtangazaji alibakizwa kibarua. Alikabidhiwa ubao, chaki na kengele ya mkono, akaambiwa ashukuru.

"Umeona?" Sikio alimwambia mkewe, akimkumbatia mbele ya watu wote. "Nilikwambia nitakuleta mwenyewe."

Walirudi nyumbani kwa gari hilo hilo, barua ya ajira ikiwa juu ya dashibodi. Walimpitia binti shuleni, naye akakaa nyuma kwenye chenga zake. Mtangazaji aliiweka kengele miguuni, akamgeukia mumewe, akaanza kumwambia. Alimwambia polepole, tangu mwanzo, akimtazama usoni, midomo ikitembea mtaa baada ya mtaa. Binti aliinama katikati ya viti, akamtazama mama, akamtazama baba.

"Baba, Mama anaongea."

"Mm," akasema Sikio.

Kwenye taa walisimama. Sikio alizima redio, akapandisha vioo vyote, akainamisha kichwa akiwa amefumba macho, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyekamilisha kazi ya miaka mitatu.

"Hebu sikiliza, mke wangu," akasema. "Unasikia? Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa."