Jumapili Kabla ya Kuhama

Machibya alikuwa mtu wa kuhama, wala hakuona haya kusema. Katoka Shinyanga kaenda Mbarali, katoka Mbarali kaja Rudewa, na kila alikofika, miaka minne haipiti moyo unaanza kumwasha. Sasa binamu yake Dotto kampigia simu kutoka Lindi: huko majani tele, ng'ombe wake wamefika mia mbili. Machibya ana kumi na saba. Usingizi ukamruka! Akampigia mkewe, Paulina, maana mwenyewe alikuwa malishoni na mifugo tangu kiangazi kianze.

"Mama Yared, Jumatatu tunafunga mizigo. Tunahamia Lindi."

"Baba Yared, watoto wameshazoea shule. Na mimi nimechoka kuanza upya."

"Mungu afungue mlango, wewe uufunge?"

Machibya akamsikia mkewe akivuta kamasi, akaambiwa ni moshi wa jikoni tu.

Kwa maombi hakuwa mvivu. Kila asubuhi alipiga magoti: Bwana, nipe kama ulivyompa Dotto. Miaka kumi, sala ile ile, Dotto yule yule.

Jumapili ikawa sikukuu ya mavuno. Machibya akatoka malishoni akapitiliza hadi kanisani, hata nyumbani hakufika. Mwinjilisti Timotheo alihubiri juu ya kuridhika, na Machibya akaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote, akiamini wanaosemwa ni wengine.

Baada ya ibada, sadaka za mazao zikapigwa mnada nje, kama ilivyo desturi: kuku, maboga, mahindi. Kisha mzee wa kanisa Donati akainua tenga la machungwa, makubwa, yameiva vizuri. Macho hayana pazia.

"Elfu kumi!" Machibya akaropoka.

Watu wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini? Mwenye mti wa machungwa haya kabarikiwa jamani! Wengine Mungu anawapendelea, sisi anatuangalia tu."

"Machibya," Donati akasema, huku akijifuta machozi ya kicheko, "tenga hili kaleta mkeo. Mchungwa uko nyuma ya nyumba yako."

Ndipo akaukumbuka ule mche. Paulina aliupanda mwaka waliofika, naye akambeza: mti wa nini, kwani tutakuwepo ukizaa? Mtu mzima huyu, watoto watano, hajawahi kula tunda la mti wa nyumbani kwake. Aibu ikamshika, kisha akalia, mbele za watu.

Timotheo akawaombea wote. Machibya akafumba macho, akaitafuta sala yake ya kila siku, haikuja. "Asante, Bwana," akasema, akakwama hapo hapo. Hakuwa amezoea.

Hata hawajatawanyika, simu ikaita. Alikuwa Dotto.

"Vipi, kesho mnaondoka saa ngapi?"

Machibya akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama, kitenge mkononi.

"Hatuji, ndugu yangu," akasema. "Ila wewe karibu nyumbani."

Paulina akakitandika kile kitenge, akakaa chini pale pale.