Walezi Bila Watoto

Kazini walimwita Wembe, na jina likamkaa. Ukimpa kipande cha tishu kilichogandishwa ndani ya nta, kidogo kama punje ya mahindi, alikutolea vipande vyembamba hata ukivipumulia vinapaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimkatia Profesa, mkuu wa maabara, korodani za vijusi vya panya. Na Profesa naye, mdomo haukumlala. Kila mgeni alielezwa yaleyale: mwanzoni kiungo ni hichohicho, cha dume na cha jike; halafu jeni moja inawaka kwa muda mfupi tu, inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu, na seli zilizozagaa ovyo zinaanza kushikana. Seli walezi zinazizunguka seli za mbegu, zinafanya duara, na maduara yanakuwa mirija. Ukiizima jeni ile, mirija haijengeki.

"Jeni inaamuru, tishu inatii," alimalizia, huku akijikuna kidevu.

Wembe aliyasikia hayo akiwa amewapa mgongo, anazungusha gurudumu la mashine yake ya kukatia. Kwake yalikuwa mambo ya panya. Lo, nani alijua kwamba siku moja yatamfuata hadi chumbani kwake!

Maana nyumbani hapakuwa na mtoto. Mume wake alikuwa fundi baiskeli, mtu wa mizaha, asiyeweza kumwona mtoto wa jirani bila kumpandisha kwenye kiti na kumsukuma hadi mwisho wa uchochoro. Miaka tisa ya ndoa! Wembe alikuwa akiona vijinguo vimeanikwa kambani, anabadili njia. Alimtamani mtoto mpaka mikono ilimwuma, na hilo si neno la kutia chumvi, iliuma kwelikweli. Wifi yake naye hakukosa la kusema, na kila aliposema macho yake yalishukia tumboni mwa Wembe. Kumbe walikuwa wakitafuta mahali pasipo. Vipimo vikaonyesha kwamba ni kwa mume ndiko mbegu hazitoki, hata moja. Madaktari wakataka kumkata kipande kidogo cha korodani, waone kama zimo ndani.

Fundi alinuna siku tatu. Siku ya nne akaweka spana chini.

"Haya, wakachukue hicho kipande chao," alisema. "Wakikuta mbegu, narudi wachukue zilizo hai. Wakisema hakuna, bibie, hakuna. Usinitajie tena habari hii mpaka tunazikwa."

"Nimekubali, mume wangu," akasema Wembe, na alipokubali alimaanisha.

Sasa, tishu za watu nazo zilikuja maabara kutoka hospitalini, zikiwa na namba tu, bila jina. Na anayemtambua mwenye namba anatakiwa kusukuma sinia kwa mwenzake, aondoke. Hiyo ndiyo sheria ya pale, na Wembe mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya. Lakini wiki ile kilikuja kipande kimoja tu, ndani ya kichupa cha dawa ya njano ya kuhifadhia, na mkono wa mwenyewe, walipokuwa wakikikata, aliushika yeye hospitalini. Angewezaje kutokujua? Akalivuta sinia kwake na kufunga mdomo.

Alikata vipande sita, kama utaratibu ulivyotaka, akavipaka rangi, akaviweka chini ya hadubini. Mirija ilikuwepo. Tena mizuri, kuta zimenyooka, seli walezi zimesimama kwa mpangilio zikizunguka. Jeni za kujenga zilifanya kazi yao barabara tumboni mwa mama mkwe wake, miaka arobaini iliyopita. Ila katikati hapakuwa na kitu. Walezi wamejipanga, hawana wa kumlea. Wembe alizitazama seli zile akaona anajitazama mwenyewe, akalia pale pale, kimyakimya, machozi yakidondokea meza.

Profesa akatazama pia, akaandika: hakuna. "Kilichobaki kitunze, dada," alisema. "Damu ya bwana huyu haikutuambia kitu. Tutaitafuta jeni iliyozimika ndani ya tishu yenyewe. Nta hiyo ndiyo jibu lake."

Ripoti ingemfikia mume Jumatatu, na kwa ahadi yao habari ingeishia hapo. Jumamosi asubuhi, maabara haina mtu, Wembe alirudi kwenye mashine. Alijiambia vipande kumi tu. Akakata kumi, akapaka rangi, akatazama: walezi watupu. Akakata kumi vingine. Mtu mwenye akili zake angeacha hapo, lakini tamaa ya mtoto haina breki. Kila alipotaka kuinuka aliona labda kipande kinachofuata ndicho. Saa tisa alasiri kisu kikaanza kutoa nta nyeupe, na nta, na nta. Wembe akashika kichwa. Jamani! Alikuwa amekimaliza chote.

Alivipaka rangi vipande vya mwisho, akaviweka chini ya hadubini. Kwenye ukingo kulikuwa na mrija mmoja uliojaa. Seli zimebanana ukutani, na katikati, mbegu tatu, vichwa vyembamba, mikia imelala.

Hakumpigia Profesa. Huyo angemwona Jumatatu, na barua ya kufukuzwa kazi akitaka aandike. Alimpigia mume wake.

Fundi akaja na grisi mikononi, akainamia hadubini.

"Hizi ni zangu?"

"Zako."

Akasogeza jicho karibu zaidi. "Mbona hazichezi?"

"Zimekufa. Dawa ile ya njano inaua papo hapo. Lakini kama zilikuwepo hapa, huenda zipo kwingine. Huenda. Siwezi kukuahidi kitu, mume wangu."

Fundi hakuinua jicho. "Na akizaliwa wa kiume, naye atakuwa hivi?"

Swali hilo ndilo Wembe alilokuwa akiliogopa tangu nta ilipokwisha.

"Sijui. Jibu lilikuwa ndani ya kipande, nami nimekikata chote na kukipaka rangi kutafuta hizi. Hata Profesa sasa hawezi kujua. Nimekosa, nisamehe."

Alingoja apigiwe kelele. Akamtazama mume wake kisogoni, kola yake imelowa jasho.

"Basi akija," fundi akasema, jicho bado liko kwenye hadubini, "niachie mimi. Nitamwambia mwenyewe, mapema, kabla hajaoa."