Weusi wa Juu

Dada yangu hupaka rangi akiwa ameinama. Turubai hulilaza juu ya meza ya kupigia pasi, kwani alifanya kazi kwenye duka la dobi miaka kumi na tisa, na mikono yake haijui kufanyia kazi kitu kilichosimama wima. Akimaliza huandika jina kutoka upande wowote wa meza aliposimama, iwe chini ya picha, iwe juu yake, hata likiwa kichwa chini. Sisi nyumbani tunajua. Wenye ukumbi wa maonyesho hawakujua, na kuuliza hawakuuliza.

Nilipoiona picha yake ukutani damu ilinichemka. Walikuwa wameitundika kichwa chini, miguu juu. Weusi wote, ule mzito aliousugua wiki nzima kwa kisu cha jikoni, ulikaa chini kama ardhi. Mstari mweupe, alioubana mpaka ukakaribia kukatika, sasa ulielea juu, raha mustarehe. Pembeni wamebandika kikaratasi: "Utulivu."

Utulivu! Aliipaka mwezi aliofukuzwa kazi. Mashine ya kunyooshea mashuka ilimuunguza kiganja, na mwenye dobi akasema mkono mbovu haukunji shuka. Hata pole hakumpa. Picha haina mtu, haina mashine wala moto, lakini hasira yake ungeihisi hata ungekuwa jiwe. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Waliosema hivyo hawakufika kwenye ukumbi ule.

Msimamizi, binti mwenye miwani mikubwa, alikuwa akiwaeleza wageni: "Hapa msanii anatualika tupumzike." Na aliyekuwa mbele kabisa, akiitikia kwa kichwa, ni nani? Mwenye dobi mwenyewe, na tumbo lake!

"Hii naitaka ofisini kwangu," akasema. "Inanipoza moyo."

Dada alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Yule bwana hakumtambua.

"Dada, sema," nikamnong'oneza. "Usiposema nasema mimi, na mimi nikianza sibakizi."

"Nyamaza wewe, mdogo wangu. Ukipiga kelele watakutazama wewe, waiache picha."

Akaenda mpaka ukutani. "Samahani, mwanangu. Mmeipindua. Igeuzeni."

Binti akatabasamu. "Lakini mama, jina la msanii liko chini hapa."

"Jina nimeliandika mimi."

Binti akaona haya, akaita mtu, wakaigeuza. Weusi ulishuka kutoka juu na kuukandamiza ule weupe, na sikuona tena mtu aliyetabasamu. Mwenye dobi akarudi nyuma, akilegeza kola ya shati.

"Sasa inanielemea," akalalamika. "Irudisheni ilivyokuwa. Nikishainunua nitaitundika nipendavyo."

Dada akamfungulia kiganja chake chenye makovu, mbele ya watu wote. "Bosi, mkono huu uliuamulia wewe. Picha hii huiamulii. Siiuzi."

Mwenye dobi alikitazama kile kiganja. Nilingoja neno moja tu, pole, hata ya kuchelewa, hata ya uongo.

"Kumbe ni wewe," akasema. Kisha akamgeukia binti: "Nitafutie nyingine, isiyo na maneno mengi."

Na akatafutiwa, akaipata.