Kompyuta Iliyofungwa kwa Maombi

Siku ya shukrani ya miaka tisini ya mama yake, Kazadi aliunga kamera kwa waya kwenye kompyuta, arekodi ibada nzima bila kukatiza. Mama aliahidi kusimulia, mara moja tu, alivyokuja Likasi kwa miguu kutoka Kambove.

Mama alipofungua kinywa, mchungaji akaita: "Kwanza tuombe! Fungeni macho, fungeni na simu!"

Mama Sephora, shemasi, akaifunga na kompyuta, kwa heshima kabisa. Nayo ikalala, ikaacha kurekodi.

Kazadi aligundua hilo ibada ilipokwisha, watu wakila. Alinguruma hata mabati ya kanisa yakahama misumari.

"Weye Mama Sephora, nani alikutuma?"

"Papa Kazadi, tulikuwa mu maombi!"

"Uliomba ao ulizika?" Akamgeuzia kompyuta, picha ya mwisho imeganda: mama yake, kinywa wazi, neno halijatoka. "Basi toa neno mu hii kinywa! Ata moja!"

"Kazadi!" Mama yake mwenyewe alimkata kauli, amekasirika kumshinda. "Nilisema lisaa muzima, weye mbele yangu. Ulisikia nini?"

Kazadi akautazama waya. Saa nzima alikuwa ameushikilia usichomoke.