Mvi za Darasa la Nne

Jumamosi asubuhi msusi alimkalisha binti yake kwenye kigoda, katikati ya magoti yake, akaanza kuchora njia kwa ncha ya kitana. Alikuwa na desturi ya kuanzia kisogoni, kwa sababu mbele ya kichwa watu hujipamba lakini kisogo husema kweli. Hapo ndipo alipoziona mvi. Hazikuwa moja mbili. Lilikuwa shungi zima, jeupe kama pamba. Akalisuka pamoja na nywele nyeusi, akaendelea.

"Mama, usivute sana, nitakosea mstari," binti alisema. Alikuwa na kitabu mapajani, ananakili majibu ya jiografia.

Nyumbani walimwita Chiriku, maana zamani mdomo wake haukujua kufungwa. Siku hizi akirudi kutoka shuleni alikula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na alipoinuka mezani alishika kiuno, akaguna. Zahanati walimpa miwani ya kusomea na mafuta ya kuchua magoti. Muuguzi alisema ni kazi za nyumbani tu, zile wanazopewa na walimu. Darasa la nne zima lilikuwa linazeeka, ila wenye kaka na dada wa kuwasaidia walizeeka polepole.

Msusi alifikiria kumpaka rangi nyeusi, akaacha. Rangi ingeficha mvi, isingemrudishia mtoto. Alichotaka kilikuwa kidogo: Chiriku atoke uani akaruke kamba na wenzake kabla jua halijazama, japo jioni moja kwa wiki.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliitisha kikao. Wazazi walijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu mkuu alisema walimu wako radhi kupunguza kazi za nyumbani ziwe nusu, wazazi wakiridhia. Fundi viatu aliunga mkono; mwanawe alikuwa amepoteza magego na hakuweza tena kutafuna nyama. Watu walimpa pole.

Kisha akasimama mwenye duka la rangi na misumari, akauliza kama wenzake wanajua hali ya shule ya ng'ambo ya barabara. Kule watoto wanatembelea mikongojo tayari, na ndiyo maana wanaongoza mtihani.

"Wetu bado wana meno," alisema, "halafu ndiyo tunataka kupunguza?"

Minong'ono ya kukubali ikapita dawati kwa dawati. Msusi alisimama. Mikono yake, iliyozoea vichwa vya watu, haikujua ikae wapi.

"Wangu hajaruka kamba tangu shule ifunguliwe," alisema. "Naomba mumwachie hata jioni moja."

Mwenye duka alimjibu kwa upole. "Dada yangu, kwa umri aliofikia, magoti yatamhimili kweli? Akianguka, ni nyonga hiyo."

Hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Hata fundi viatu aliinamisha kichwa. Kura ikapigwa na kazi za nyumbani zikabaki kama zilivyo, isipokuwa kwamba shule ingetafuta mito ya kukalia kwenye madawati. Mwalimu mkuu aliwashukuru wote kwa moyo wao wa kuwapenda watoto.

Msusi alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Uani, vitoto visivyoanza shule vilikuwa vinazungusha kamba. Njia nzima alikuwa amepanga jinsi ya kumwambia mwanawe: kwamba alijaribu, kwamba amsamehe. Alipoingia aliuona mgongo uliopinda mezani, shingo yenye mikunjo, na chini yake bega lililochoka kubeba mkono unaoandika. Maneno yaliyomtoka yakawa mengine.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Chiriku alijibu bila kuinua uso. Akamsukumia kiti kwa mguu, taratibu, akilinda goti. "Kaa upumzike. Nimebakiza hesabu chache tu."

Msusi akakaa.